Uzio wa gofu Sydney: barabara ilipata njia, watoto bado wanangoja

SEVEN HILLS, SYDNEY – Ukitoka uwanja wa ndege wa Sydney kwenda mjini kwa gari, unapita barabara kuu iitwayo Southern Cross Drive. Jamaa zetu wengi wa Muscat, Dubai na Doha wanaokuja huku kuwatazama watoto wao wanaosoma wameshaipita, hata kama jina lake hawakulishika. Barabara pana, magari yanakwenda kasi, na pembeni miti na majani mabichi. Mie nilipopita mara ya kwanza nilidhani ni bustani ya serikali. Nikasema, "Mashaallah, hawa wenzetu wanajua kutunza mji."

Mkwe wangu ndiye aliyekuwa anaendesha. Akacheka. "Hiyo si bustani, baba. Hivyo ni viwanja vya gofu. Na huo mmoja ni klabu ya watu binafsi. Mie niko Sydney miaka 22, sijaingia hata siku moja."

Tulikuwa tunakwenda Kensington kumchukua mjukuu wangu mkubwa anayesoma Chuo Kikuu cha New South Wales, halafu sote tuelekee nyumbani Seven Hills. Njia nzima nilikuwa nawaza maneno yale. Miaka 22 mtu anapita nje ya uzio, anaona majani, wala hajui ndani mna nini. Nikajiambia, basi maadamu nina miezi miwili ya kukaa huku sina kazi, nitautafuta undani wa jambo hili.

Nilichokipata si habari ya mchezo peke yake. Ni habari ya ardhi ya mji: nani anaipata, nani anaambiwa asogee, na nani anabaki nje anatazama.

Tunapokaa

Kwanza niwaeleze tulipo. Seven Hills, maana yake Vilima Saba, ni mtaa wa magharibi ya Sydney, upande wa Blacktown. Watu huwa wanafikiri Sydney ni ile nyumba ya opera na daraja. Huku hakuna opera. Huku kuna nyumba za familia, maduka ya Wahindi, Wafilipino na Waarabu, viwanda vidogo, na kituo cha treni kinachojaa watu asubuhi. Ardhi hii asili yake ni ya watu wa Darug. Mwaka 1795 mlowezi mmoja, Matthew Pearce, alipewa ekari 160 karibu na hapa, na inasimuliwa kwamba kutoka shambani kwake ukisimama ungehesabu vilima saba. Jirani yetu, Toongabbie, palikuwa na shamba la serikali lililoanzishwa 1791, likilimwa na wafungwa walioletwa kwa meli kutoka Uingereza. Nyumba nyingi za mtaa huu zilikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili, mji ulipotanuka kuelekea magharibi.

Huku bahari iko mbali, na upepo wake haufiki vizuri. Siku ya tarehe 4 Januari 2020 mji wa Penrith, mbele yetu kidogo upande huo huo wa magharibi, joto lilifika nyuzi 48.9. Sisi wa Ghuba tunalijua joto la namna hiyo, lakini nyumba zetu na maisha yetu tumeyapanga kulingana nalo. Hapa wapo wazee wenye nyumba kongwe za mbao na feni moja. Binti yangu ananiambia siku zile hawakuwatoa watoto nje kabisa. Kwa hiyo huku mti ni kivuli na kivuli ni uzima. Ndiyo maana majani yale ya njiani yalinishughulisha.

Klabu ya tangu 1882

Klabu tuliyopita inaitwa The Australian Golf Club, iko Rosebery, baina ya uwanja wa ndege na katikati ya mji. Ilianzishwa 1882 na ndiyo klabu kongwe ya gofu katika jimbo zima la New South Wales. Miaka ya mwanzo haikuwa na makao ya kudumu. Ilikaa hapa, ikahamia pale, mpaka 1904 ilipotulia mahali ilipo leo.

Mwaka huo huo wa 1904 ndipo mashindano ya wazi ya taifa, Australian Open, yalipochezwa kwa mara ya kwanza, na klabu hii ndiyo iliyoyaandaa. Mshindi wa kwanza alikuwa Mwingereza aitwaye Michael Scott, tena alikuwa mchezaji wa ridhaa, yaani hachezi kwa pesa. Tangu hapo mashindano hayo yamerudi katika klabu hii mara nyingi.

Mwaka 1926 alipita Alister MacKenzie, daktari aliyeacha udaktari akawa mchoraji wa viwanja vya gofu. Huyu ndiye baadaye aliyeshirikiana na Bobby Jones kuuchora uwanja wa Augusta kule Marekani. Safari yake ya Australia haikuwa ndefu, lakini klabu nyingi kubwa za nchi hii hadi leo zinajivunia kwamba aliacha mkono wake kwao, na The Australian ni mojawapo.

Halafu akaja tajiri wa televisheni, Kerry Packer. Wale wanaofuata kriketi watamkumbuka, ndiye aliyewachukua wachezaji wakubwa wa dunia 1977 na kuanzisha mashindano yake mwenyewe. Packer alitoa fedha ili Jack Nicklaus, bingwa wa Marekani, auchore upya uwanja, na kazi hiyo ilimalizika 1977. Nicklaus hakuwa mgeni hapo. Alishinda Australian Open mara 6 katika maisha yake, na mara 3 kati ya hizo, yaani 1975, 1976 na 1978, alishindia uwanja huu huu. Mtu ameshinda kabla ya kuuchora na ameshinda baada ya kuuchora. Wakubwa wana bahati zao.

Uwanja wenyewe ulivyo

Kwa wasiojua gofu, nitaeleza kwa ufupi kama alivyonieleza mjukuu wangu. Uwanja kamili una mashimo 18. Kila shimo lina idadi ya mipigo ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kuutia mpira, ama 3, ama 4, ama 5. Ukijumlisha yote unapata kama 71 au 72. Anayetumia mipigo michache ndiye mshindi. Njiani umewekewa vikwazo: mashimo ya mchanga, madimbwi, miti na majani marefu.

Ardhi ya upande ule wa Sydney ni mchanga mtupu kuelekea ghuba ya Botany. Mchanga unanyonya maji haraka, kwa hiyo hata mvua ikinyesha kubwa uwanja unakauka upesi. Wachezaji wanaupenda kwa hilo. Upepo wa bahari nao haukatizwi na kitu, na mpira uliopigwa vizuri asubuhi unaweza mchana kupigwa vile vile ukaishia majini. Shimo la 18 ni refu, la mipigo 5, na karibu na pale penye bendera pana ziwa. Mtu aliye nyuma kwa mpigo mmoja anajaribu kuliruka ziwa kwa mpigo wa pili. Akifaulu, anapigiwa makofi. Akikosea, anavua kofia na kwenda nyumbani.

Mwaka 2014 kijana wa Kimarekani, Jordan Spieth, wakati huo ana miaka 21, alicheza siku ya mwisho hapo kwa mipigo 63 akawaacha wenzake kwa mipigo 6. Miezi michache baadaye akashinda Masters kule Augusta. Na Desemba 2019 mashindano yalichezwa hapo moshi umetanda angani kwa sababu misitu ilikuwa inaungua kuuzunguka mji. Mwaustralia Matt Jones ndiye aliyeshinda, mara yake ya pili katika uwanja huo baada ya ile ya 2015.

Hayo mjukuu wangu anayajua kwa moyo. Lakini nilipomuuliza kama ameshawahi kucheza humo, alinitazama kama niliyemuuliza ameshawahi kulala ikulu. "Babu, pale huingii hivi hivi. Lazima mwanachama akualike."

Na ndivyo kawaida ya klabu za namna hii zilivyo duniani kote. Unapendekezwa na wanachama, unangoja, unalipa ada ya kuingia, kisha unalipa ada ya kila mwaka. Zamani palikuwa na mipaka zaidi. Wanawake katika klabu nyingi za Australia kwa miaka mingi hawakuwa wanachama kamili, walikuwa na daraja lao na siku zao za kucheza. Leo mambo yamebadilika, lakini uzio upo pale pale.

Mwaka ambao uzio ulisogea

Sasa sikilizeni jambo ambalo lilinifanya niandike makala hii.

Uzio ule, ambao mkwe wangu hajauvuka kwa miaka 22, uliwahi kusogezwa. Miaka ya 1960 serikali iliamua mji unahitaji barabara ya kasi kuelekea uwanja wa ndege. Ardhi iliyokuwa njiani ilikuwa ya viwanja vya gofu. Mwaka 1967 sehemu ya uwanja wa The Australian ilikatwa, ikawa lazima uwanja upangwe upya. Klabu jirani, The Lakes, nayo iligawanywa na barabara hiyo hiyo ikabidi ijengwe upya. Barabara yenyewe ndiyo Southern Cross Drive.

Yaani siku ile niliyokuwa nasifu majani dirishani, nilikuwa nakanyaga kwa matairi ardhi iliyokuwa ya gofu.

Kwa hiyo si kweli kwamba klabu ya watu wakubwa haiguswi. Iliguswa. Haja ilipoonekana ni kubwa, na haja yenyewe ilikuwa ya magari, pakapatikana njia. Klabu haikufa. Ilijipanga upya, na baada ya miaka 10 ikawa na uwanja wa Nicklaus.

Na si huo tu. Chuo anachosoma mjukuu wangu, kilichoanzishwa 1949, kimejengwa palipokuwa uwanja wa mbio za farasi wa Kensington. Watu walikuwa wanakuja kutazama farasi na kucheza kamari. Leo wanatoka wahandisi na madaktari, wakiwemo watoto wetu wa Kiomani. Nani leo atasema afadhali farasi wangebaki?

Gofu ya wote nayo inapunguzwa

Mwendo mfupi kwa gari kutoka The Australian kuna uwanja mwingine wa gofu, Moore Park. Huu si wa klabu iliyojifungia. Ni uwanja wa umma, mtu yeyote analipa anacheza. Hapa ndipo mjukuu wangu anapocheza na wenzake wa chuo kila wakipata nafasi, na Jumamosi moja nilifuatana nao. Tulipanda treni Seven Hills mpaka Central, kisha tramu.

Nilikaa kwenye benchi na thermosi ya chai ya binti yangu nikawatazama watu. Walikuwemo vijana wa Kichina na Kikorea, wazee wastaafu wanaovuta vigari vyao, mabibi watatu wa makamo waliokuwa wanacheka kuliko wanavyocheza, na fundi mmoja bado ana viatu vya kazini. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliniambia amecheza pale miaka 40. Hakuwahi kuwa mwanachama wa klabu kubwa, kwa mshahara wake asingeweza. "Huu ndio uwanja wangu," alisema. Kisha akasema wanaukata.

Ni kweli. Oktoba 2023 serikali ya jimbo, chini ya Waziri Kiongozi Chris Minns, ilitangaza kwamba uwanja huo utapunguzwa kutoka mashimo 18 hadi 9, na hadi hekta 20 kati ya hekta kama 45 zitageuzwa kuwa bustani ya watu wote. Mpango ulitajwa kuanza 2026. Meya wa Sydney, Clover Moore, alikuwa akilidai jambo hilo kwa miaka kadhaa.

Sababu yao inaeleweka. Kando ya uwanja huo, mitaa ya Green Square, Zetland na Waterloo imejaa maghorofa. Palipokuwa na viwanda sasa pana makumi ya maelfu ya watu wanaokaa kwenye fleti, hawana ua, hawana bustani. Mtoto akitaka kukimbia anakimbilia wapi? Kwenye varanda? Na pale mbele yao kuna uwanja mkubwa wa majani ambao huruhusiwi kupita kwa miguu ovyo, mpira usije ukakupasua kichwa.

Lakini na yule mzee wa benchi naye ana haki yake. Yeye anauliza: kwa nini gofu inayokatwa ni ile ya wasio na klabu? Wenye klabu zao wataendelea na mashimo yao 18. Fundi, bibi na mwanafunzi watabanwa kwenye 9. Baada ya miaka, gofu itarudi kuwa mchezo wa wenye nacho peke yao.

Nilimwambia mjukuu wangu, "Mzee huyu ana hoja." Akajibu, "Ndo hivyo babu, lakini na wale watoto wa fleti nao wana hoja." Nikanyamaza, maana alisema kweli.

Ardhi ya wote ilivyomegwa

Nikazidi kufuatilia. Kumbe Moore Park ni kipande cha ardhi iliyoitwa Sydney Common. Asili yake ni nchi ya Wagadigal. Mwaka 1811 gavana Lachlan Macquarie alitenga ekari 1,000 ziwe za matumizi ya wote, watu walishe wanyama na kuokota kuni. Humo mlikuwa na mabwawa, na mji ulikunywa maji yake kupitia handaki lililochimbwa na wafungwa kati ya 1827 na 1837.

Sisi tungeielewa upesi ardhi ya namna hiyo, kwa sababu tuna waqfu. Mtu anaweka shamba, kisima au nyumba kwa ajili ya wote, na haifai kuuzwa wala kumegwa. Lakini Sydney Common haikuwa waqfu, ilikuwa ardhi ya serikali, na serikali ilimega. Ikakatwa sehemu ya kambi ya jeshi. Mwaka 1866 ikatengwa Moore Park kwa burudani, kwa jina la meya Charles Moore. Kisha ukaja uwanja wa kriketi, bustani ya wanyama, maonyesho ya kilimo, viwanja vya mpira, studio za sinema, barabara na maegesho. Uwanja wa gofu nao ulikuwa mmego mmojawapo.

Ukitazama hivyo, bustani inayotakiwa sasa si kitu kipya. Ni kurudisha kidogo katika kilichokuwa cha wote tangu 1811.

Na hapa ndipo naona tofauti kubwa ya viwanja hivi viwili. Kile cha umma kikitakiwa kukatwa, maneno yanatosha, waziri anatangaza tu. Kile cha klabu kinahitaji haja nzito kama barabara kuu ya uwanja wa ndege. Chenye wenyewe wachache kinalindwa. Chenye wenyewe wengi kila mtu anaona si cha mtu.

Haya si mageni kwetu

Msomaji wa Muscat au Abu Dhabi asiseme hayo ni ya Waaustralia. Gofu ilifika kwetu pwani zamani. Klabu ya Nairobi ilianzishwa 1906, ikapewa cheo cha kifalme 1935 na Mfalme George wa Tano. Klabu ya Mombasa ni ya 1911, iko ukingoni mwa bahari upande wa Mama Ngina, na mpaka leo mtu akipiga mpira vibaya anaupeleka kwa samaki. Zama hizo za ukoloni vilikuwa viwanja vya Wazungu. Mwafrika aliingia kubeba mkoba wa fimbo, Mwarabu na Mhindi walipita nje.

Na Zanzibar, wazee wetu walitusimulia kuhusu Mnazi Mmoja. Kiwanja kile kilikuwa baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Wakati wa Mwingereza sehemu yake ilikuwa ya Wazungu kuchezea gofu, na sehemu nyingine wenyeji wakicheza mpira. Gofu ile ilikwisha. Mnazi Mmoja ulibaki wa watu, na mtoto wa Unguja mpaka leo anakwenda pale siku ya Idi. Mie mwenyewe nimevaa kanzu mpya nikakimbia kwenye kiwanja kile, sikujua kwamba kabla yangu palikuwa na bendera za gofu.

Ghuba nako hadithi ni ya peke yake. Oman ya zamani gofu ilichezwa mchangani, penye shimo pamemwagiwa mafuta ili mchanga ushikane. Dubai ikafungua Emirates Golf Club 1988, uwanja wa kwanza wa majani wa kiwango cha mashindano katika Ghuba, kwenye ardhi iliyotolewa na Sheikh Mohammed bin Rashid. Wakati huo nje ya uwanja kulikuwa jangwa. Leo umezungukwa na minara, na majani yale ndiyo mapumziko ya macho. Muscat tukapata Al Mouj 2012, uliochorwa na Greg Norman, Mwaustralia. Unaona basi, majani ya huku na majani ya kwetu yana undugu.

Lakini jangwani majani ni maji, na maji ni kusafisha ya bahari au ya taka, na hayo ni mafuta na pesa. Kwa hiyo swali la Sydney ni letu pia, tena kwetu ni zito zaidi: tukishagharamia majani, nani anayakanyaga?

Nilivyouona uzio kwa karibu

Wiki moja kabla ya kurudi nilimwomba mkwe wangu anipeleke tena Rosebery. Tulikwenda na mjukuu wangu mdogo wa kike, ana miaka 9. Tukaegesha gari mtaa wa pembeni tukatembea kando ya uzio. Ndege zinapita juu, magari yanavuma upande wa pili. Ndani kimya. Tuliona kwa mbali watu wawili na kigari chao. Kunguru weupe wa huku wamejaa majanini, wao hawaulizwi kadi.

Mtoto akashika uzio akauliza, "Babu, kwa nini hatuingii?"

Nikamwambia, "Kuna watu wanalipa ili iwe yao."

"Na wakiwa hawachezi?"

Sikuwa na jibu la kumtosha. Nikamwambia wakiwa hawachezi bado ni yao.

Mkwe wangu, mtu wa haki, akasema jambo ambalo lazima niliandike. "Lakini baba, wasingekuwepo hawa, unadhani pangekuwa bustani? Pangekuwa maghorofa zamani." Na kweli, ukitazama mitaa ya karibu, kila kiwanda kilichofungwa kimekuwa fleti. Klabu kwa ubinafsi wake imeuhifadhi mchanga, miti na ndege. Jiji lingeachiwa, sijui.

Kwa hiyo sisemi klabu zifungwe. Watu wana haki ya kuwa na chao, na dini yetu inalinda mali ya mtu. Ninalosema ni hili: mwaka 1967 ilionekana inawezekana uzio usogee kwa ajili ya magari, uwanja ukapangwa upya na mchezo ukaendelea. Basi isisemwe haiwezekani pale wanaohitaji ni watoto na wazee. Njia ya kupita kwa miguu pembezoni, siku moja katika wiki shule za jirani ziingie, ukanda wa miti uliofunguliwa. Mambo madogo. Waliomudu kuhamisha mashimo wakachimba na maziwa hawashindwi na lango.

Na kule magharibi tunakokaa, Seven Hills, ambako joto ni kali na bahari iko mbali, ndiko hasa majani yanakotakiwa. Mji ukikazana kuhesabu mashimo ya mashariki tu, vilima vyetu saba vitabaki na lami.

Jioni ile tulirudi nyumbani. Mwisho wa mtaa wa binti yangu kuna kiwanja kidogo cha serikali, bembea mbili na miti minne ya mikalitusi. Mjukuu wangu mkubwa alimletea mdogo wake fimbo ya zamani ya gofu na mpira wa plastiki. Wakachimba kishimo kwa kijiko, wakaweka kijiti na kitambaa juu yake. Watoto wa jirani wakaja, Mhindi mmoja na Wasudani wawili, wakapanga foleni. Kila mmoja anapiga mara tatu, kisha anampa mwenzake. Nilikaa chini ya mti nikawahesabia mpaka adhana ya magharibi ilipolia kwenye simu yangu.